Naomba kueleweshwa neno "notoriously", nimemwandikia mzee barua nalo na sasa sina raha

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie, jambo hili linaninyima usingizi.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Ng'ong'ona, jirani na chuo kikuu. Miaka yote wateja wangu walikuwa wanafunzi: ripoti za mafunzo kwa vitendo, wasifu wa kuombea kazi, kuunganisha kurasa kwa springi. Siku hizi wanakuja pia watu wazima wanaotaka barua za Kiingereza, kwa sababu mfadhili au mnunuzi wanayemwandikia hajui Kiswahili. Mimi niliishia kidato cha nne. Kiingereza cha zaidi ya hapo nimekiokota humo humo kwenye kazi za wanafunzi ninazochapa, na kwenye kamusi ya simu. Barua ya mtu siichukulii kirahisi. Nikikosea, aibu inamwendea mwenye jina pale chini, haiji kwangu.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Hombolo mwenye ekari mbili za zabibu. Mnaolima mnajua, huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili presha ni ile ile. Zabibu ikishaiva haikusubiri. Ukichelewa siku chache ndege wanaila, mvua ikipiga inaoza, na mnunuzi anayekuja na gari lake analijua hilo, kwa hiyo bei anaitaja yeye. Mzee amechoka. Safari hii alikuwa amepewa anwani ya barua pepe ya mgeni anayetafuta mchuzi wa zabibu, yaani juisi ya kutengenezea mvinyo, akataka tumwandikie mapema kabla ya mavuno.

Nikaandika vizuri tu: aina ya zabibu, ukubwa wa shamba, umbali wa kufika kwenye lami. Halafu nikataka sentensi moja ya kumsifia. Nikaweka: "Our farm is notoriously known for its sweet grapes." Neno lile nililipata kwenye kamusi ya simu, ikasema maana yake ni "kwa kujulikana sana". Nikaona lina uzito. Mzee akaniuliza hapo nimesemaje, nikamwambia, "Nimesema shamba lako linajulikana kila kona kwa zabibu tamu." Alifurahi mpaka akaomba nimsomee tena.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mgeni ameandika kwa adabu, anashukuru, lakini kabla ya yote anaomba aelezwe zabibu za shamba hilo ziliwahi kuwa na tatizo gani hata zikapata jina baya. Mzee alikuja nalo kwenye simu ya mjukuu wake. Mjukuu yuko kidato cha tatu, alishamfasiria njiani. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Binti yangu, nani amesema zabibu zangu zina sifa mbaya?"

Swali hilo limenikaa moyoni.

Sasa kinachonichanganya ni hiki. Nimepekua kazi nilizowahi kuchapa, nikalikuta neno lile lile mahali ambapo hakuna dhambi yoyote. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba mvua za Dodoma ni "notoriously unreliable". Mwingine ameandika kuhusu udongo fulani kwamba ni "notoriously difficult to work". Mvua imemkosea nani? Kama neno ni la watu wabaya, linafanya nini kwenye hali ya hewa? Na kama maana yake ni kujulikana tu, mgeni yule ameshtuka nini? Nimejaribu pia kuliandika kwa Kiswahili, "mvua zisizotabirika kwa sifa mbaya", halisomeki hata kwangu mwenyewe.

Mwenye kujua anieleweshe taratibu. Nataka kumwandikia mgeni tena wiki hii, zabibu zimeshaanza kubadilika rangi.

Boda wa Kizota

Pole sana dada. Hilo neno wengi wetu tulilijulia kwenye muziki. Kulikuwa na rapa wa New York, The Notorious B.I.G., aliyepigwa risasi akafa mwaka 1997. Kaka zetu walikuwa na kanda zake, na sisi wadogo tukakua tukidhani "notorious" ni cheo cha ukubwa. Hata yule mpiganaji wa Ireland, Conor McGregor, amejipa jina hilo.

Nadhani ni kama sisi tunavyosema "jamaa ni noma", "yule ni hatari", "dada ni balaa". Noma si kitu kizuri, hatari si kitu kizuri, balaa ndiyo kabisa, lakini kijiweni ni sifa. Wale wamejipachika neno baya makusudi ili waogopwe. Sasa zabibu inataka kupendwa. Ukimwandikia mtu asiye wa kijiwe chako "zabibu zetu ni balaa", atauliza zimemdhuru nani. Ndicho kilichotokea hapo. Usijilaumu kupita kiasi, umeteleza mahali penye utelezi.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Mbukwenyi. Binti, umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha, nami nitakujibu kwa kirefu kwa sababu neno hili nina deni nalo.

Tuanze na mzizi. Limetoka kwenye Kilatini, "notus", kitu kinachojulikana. Ndugu zake ni "notice" na "notify". Zamani Waingereza waliweza kulitumia bila ubaya wowote: jambo "notorious" lilikuwa jambo lililo wazi kwa kila mtu. Lakini likazoea kutembea na wezi, walevi na waongo, "notorious thief", "notorious liar", tangu karne ya 16 hivi, mpaka likanuka kama hao lililoandamana nao. Wahenga wetu walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo neno lako ni cha kujitembeza. Kamusi ya simu imekupa mzizi ikakunyima harufu.

Hata kwa Shakespeare unaiona safari hiyo ikiwa katikati. Ana mtumishi anaitwa Malvolio, amefungiwa gizani akisingiziwa wazimu, analalamika kwamba hajapata kuwako mtu aliyetendewa vibaya "notoriously" kama yeye. Hapo ubaya umeshaingia, ila kinachosikika zaidi bado ni ule uwazi: amedhulumiwa mchana kweupe.

Leo neno linabeba mizigo miwili kwa mpigo. Mzigo wa kwanza: jambo hili linasumbua. Mzigo wa pili: na wengi wanalijua, si mimi ninayelizusha. Ukitua mmoja, neno halisimami. Sasa tazama sentensi yako. "Notoriously known" imetaja kujulikana mara mbili, hilo ni kosa dogo, wengi wanalifanya. Kosa kubwa ni kwamba umelipachika kwenye utamu, na utamu haubebi mzigo wa kwanza. Mgeni amesoma kwamba utamu wa zabibu hizo ni kero inayojulikana mji mzima. Angekuwa mtu wa ajabu asipouliza.

Na mvua? Ubaya si lazima uwe dhambi. Inatosha kuwa kero kwa wanaohusika. Mvua zetu za Ugogo ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, wastani wa milimita kama 570 kwa mwaka, na hata hizo zinaweza kukatika Januari au Februari mtama ukiwa magotini. Wazee huku wanazijua njaa kwa majina. Bibi yangu alikuwa akituhadithia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi ya vita kuu ya kwanza yalikuwa yamepita yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosa. Kwa hiyo mwanafunzi anapoandika "notoriously unreliable", hajaitukana mvua. Amesema wanachosema wote waliowahi kupoteza mbegu ardhini. Neno hili linadai mashahidi wengi, na kwa mvua za Dodoma mashahidi wapo, kizazi kwa kizazi.

Hapo ndipo utapata na Kiswahili chake. Usitafute neno moja la kuziba pengo la neno moja. Sisi sifa ya mtu au kitu tunaieleza kwa kitenzi, na tunapenda kumtaja anayejua. "Mvua za Dodoma, kila mkulima anajua, si za kutegemea." "Udongo uliowashinda wengi." "Ni mtu wa kuchelewa, mtaa mzima unamjua." Kwa watu tuna "sugu" na "aliyekubuhu": mdaiwa sugu, mlevi aliyekubuhu. Hayo ni maneno ya tabia, mvua haikubuhu. Tena "sugu" inasema mtu haachi, haisemi kwamba anajulikana. Mwizi sugu anaweza kuiba miaka kumi asijulikane na yeyote. Na "maarufu" ningeomba liachiwe wema. Gazeti likiandika "jambazi maarufu" nasikia kama limempa mkono wa pongezi.

Sasa lile deni. Mwaka mmoja niliandika kwenye karatasi ya maendeleo ya mwanafunzi wangu, "notorious latecomer". Nililipenda neno, kama ulivyolipenda wewe. Alikuwa mtoto wa darasa la sita, anachelewa kweli, karibu kila siku. Alipohamia shule nyingine ile karatasi ilitangulia. Nilikuja kusikia kwa shangazi yake kwamba alikuwa akiamka usiku kufuata maji ya bomba la kijiji cha pili, anapanga foleni, anarudisha ndoo nyumbani ndipo aje shule. Kuchelewa kulikuwa kweli. Lakini "notorious"? Kwa nani? Kwangu mimi tu niliyekuwa nashika daftari la mahudhurio. Nilichukua kero yangu binafsi nikaivisha sauti ya watu wote. Ndiyo maana swali la mzee wako limenichoma: nani amesema? Ulize kila unapotaka kuliandika neno hili.

Mfasiri wa Area C

Mwalimu shikamoo. Nimejifunza, ila nina mawili ya kupinga.

La kwanza, "kila mkulima anajua" mimi ningeogopa kuliweka kwenye tafsiri ya kulipwa. Mteja ameandika neno moja, mimi namrudishia sentensi yenye mkulima ambaye hakuwemo. Niliwahi kufasiri hati kuhusu reli ya kati, kile kipande cha Kilosa kuja Gulwe kinachopita bonde la Mto Mkondoa. Waliandika "notoriously flood-prone". Mto ukifurika unaondoka na tuta, reli zinabaki zinaning'inia hewani, safari zinasimama. Niliandika "kipande kinachofahamika kwa kukumbwa na mafuriko mara kwa mara", basi. Ukisema "kinafahamika kwa" halafu ukataja balaa lenyewe, msomaji anaona ubaya bila kuambiwa "sifa mbaya".

La pili, "maarufu" Kiswahili cha leo kinalitumia pande zote. Hatuwezi kuwakatalia wasemaji.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Marahaba. La reli nakubali, tena sentensi yako ni bora kuliko zangu kwa hati rasmi. Mkulima wangu abaki kwenye mazungumzo na kwenye barua. La "maarufu" sikubali, lakini najua nimeshashindwa na magazeti.

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Nimesoma mara tatu. Hapo kwenye mizigo miwili ndipo nilipopata mwanga.

Naomba niulize la mwisho, kwa sababu nalo nimelikuta kwenye kazi za wanafunzi: "infamously" na "famously". Lile la kwanza nilidhani ni kinyume cha la pili, yaani "bila umaarufu", kama "visible" na "invisible". Sasa nashindwa hata kuamini ninachokijua.

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Marahaba mwanangu. Hapo hakuna kukanusha umaarufu. "Infamous" ni mtu au tendo lenye umaarufu uliogeuzwa juu chini, jina linavuma kwa fedheha. Asiyejulikana kabisa hawezi kuwa "infamous".

Nitakuonyesha yote matatu bila kutoka kwenye mji ninaokaa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza hapa Kongwa mradi wa karanga. Kwao mafuta ya kula yalikuwa haba baada ya vita. Walipanga kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, wakaanzia huku kwetu. Walileta matrekta ya mabaki ya vita, na mengine yaliundwa kwa kugeuza vifaru vya Sherman. Vichaka vyetu vya miiba vikayavunja. Mizizi ikaota tena. Mvua zikafanya zinavyofanya. Na udongo huu wa mfinyanzi, ambao masika unauona laini, kiangazi ulikauka kama saruji, karanga zilizokubali kuzaa zikabaki chini hazitoki. Januari 1951 wakauacha, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Sehemu ya ardhi ile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwepo hapa kabla ya karanga, wazee wangeweza kuwaambia.

Sasa andika. Mradi ule "infamously failed": ni tukio, lina mwaka wake, na fedheha yake ina wenyewe. Udongo ule ni "notoriously hard": si tukio, ni hali, ilikuwa hivyo jana na ipo hivyo leo, kila aliyeshika jembe hapa anaijua. Ukibadilisha, ukasema udongo ni "infamously hard", Mwingereza ataelewa, lakini atasikia kana kwamba udongo ulifanya kisa fulani. Na kuna la tatu. Kuanzia 1964 mji huu huu uliwapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, wakawa na kambi zao hapa. Hilo unaandika "famously": Kongwa "famously hosted" wapiganaji hao. Linajulikana, na ni la heshima.

Mji mmoja, majina matatu. Nimeishi hapa karibu maisha yangu yote na huwa naumia mgeni akija anajua lile la karanga tu. La karanga tulifanyiwa. La wapigania uhuru tulilifanya.

Karani, Dodoma Mjini

Naongeza la mahakamani kwa sababu mwalimu amegusa mashahidi.

Kwenye sheria ile maana ya kale haijafa. Mahakimu na majaji waliosoma sheria ya Kiingereza wanasema jambo likiwa "notorious" mahakama inalipokea bila kudai uthibitisho. Kwamba Jumatatu inafuata Jumapili, au kwamba tarehe 26 Aprili ni sikukuu ya Muungano, hakuna wakili atakayeleta shahidi kuthibitisha. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inayo mambo ya namna hiyo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo maneno haya yanapita mikononi mwetu kila siku. Nikikuta "notorious fact" naandika "jambo linalojulikana na wote". Hapo hakuna ubaya hata chembe, na ukiandika "jambo lenye sifa mbaya" umeharibu hukumu.

Lakini shahidi akisimama akasema fulani ni "notorious thief", ni kitu kingine kabisa. Huyo anataka mji mzima umtolee ushahidi bila mji kuapishwa. Nafasiri "mwizi anayejulikana", kisha nainua kalamu nasubiri, maana wakili wa upande wa pili lazima asimame. Swali lake nimelisikia mara nyingi sijui idadi: "Anajulikana na nani?" Mara nyingi jibu linakuwa jirani mmoja, au mtu aliyesikia kwa mwingine. Yule mzee wa Hombolo ameuliza kama wakili.

Mchapaji wa Ng'ong'ona

Nimerudi kuwapa mrejesho.

Leo asubuhi mzee alikuja, nikampa kiti, nikamwomba msamaha kwanza. Halafu nikamuuliza swali lenu: zabibu zako nani anazijua? Akafikiri. Akasema akina mama wawili wa matunda soko la Majengo, wanachukua matenga kwake kila msimu, mwaka wa nane huu, na hawajawahi kurudisha hata tenga moja. Akasema pia jirani yake anayekamua mchuzi huanza na zabibu zake kabla hajachanganya za wengine. Mambo hayo yote alikuwa nayo siku ile ya kwanza. Mimi sikumuuliza, nilikwenda kutafuta neno kwenye simu.

Barua mpya haina "notoriously" wala "famously". Nimeandika hivi: "Two women who sell fruit at Majengo market have bought our grapes every season for eight years." Na sentensi moja juu kabisa inayosema kwamba neno lililomtia shaka lilikuwa kosa la mchapaji na wala si la shamba. Mzee hakutaka niiandike hiyo, aliona ananidhalilisha. Nikamwambia ibaki. Nimemsomea yote kwa Kiingereza, nikamfasiria mstari kwa mstari, mjukuu akiwa pale anafuatilia. Imeondoka saa tisa alasiri. Tunasubiri.

Mwalimu, nina swali jingine, si la Kiingereza. Yule mtoto wa darasa la sita, ulipata kuonana naye tena?

Mwalimu Mstaafu, Kongwa

Nilionana naye, binti. Ilikuwa miaka mingi baadaye, Kibaigwa, sokoni kwenye nafaka. Ana mizani yake na vijana wawili wa kubeba magunia. Alinitambua yeye kwanza, akaniamkia, akaniletea kiti. Nilikuwa najiuliza nianzeje kulitaja lile neno, naye hata sikujua kama aliwahi kulisoma. Akaniuliza nimefika saa ngapi sokoni, nikamwambia saa mbili. Akasema, "Ungewahi ungenikuta peke yangu mwalimu. Mimi saa kumi na moja alfajiri nimeshafungua."